Fundi wa kanda karibu na Soko Kuu, Morogoro: kazi ya kuhamishia kanda kwenye flashi

Kama una kanda ya zamani imelala kabatini, mpelekee fundi huyu. Nampendekeza kwa moyo wote, ingawa mara ya kwanza nilimrudishia kazi.

Yangu ni ya marehemu baba. Januari 1979, mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, baba alishinda sebuleni akirekodi nyimbo zake redioni. Waya wa kuunganisha hakuwa nao, kwa hiyo aliweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, akabofya. Basi kila aliyeingia kutoa pole aliingia na kwenye kanda. Ndiyo, watu walikuja kwetu kutoa pole kana kwamba tumefiwa sisi. Mbaraka alikuwa wa Morogoro.

Fundi alifungua ganda kwa bisibisi ndogo mbele yangu. Utepe ulikuwa umejikunja upande mmoja na kukatika sehemu moja. Akauunga, akauhamishia kwenye ganda jingine, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Alinitoza shilingi 8,000, flashi yangu mwenyewe, siku tatu.

Niliporudi, sauti ilikuwa imepanda, Mbaraka anaimba kama mtoto. Nikamwambia kasi si hii. Hakubisha. Alirekebisha mota taratibu, gitaa la solo likashuka, likashuka, mpaka nikasema hapo hapo.

Kisha akaniuliza, "Mama, hizi kelele za watu nizikate?"

"Fundi, hizo ndizo nimezifuata."

Maana humo ndani yumo shangazi, katikati ya solo, anasema, "Huu ni mkono wa mtu." Kwa hesabu yake, husuda ilianza 1970, Mbaraka alipokwenda Japani na bendi yake, Morogoro Jazz, kwenye maonyesho ya Osaka. Jirani yetu dereva anasema breki zilichezewa. Mama anasema asingeiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, angekuwa hai. Baba mdogo anaapa kwamba Mbaraka hajafa, kuna mtu kamwona Nairobi. Na baba, kwa sauti ya kuchoka: "Ni ajali. Kijana wa miaka thelathini na nne. Hebu niacheni nisikilize."

Nilikuwa na miaka tisa, nyuma ya mlango, na nilimwamini baba mdogo. Kwa miaka mingi kila mtu aliyeshuka basi na gitaa nilimtazama usoni. Leo nasimama na baba. Wale wengine wote, hata walipozeeka, hakuna aliyeleta zaidi ya "nilisikia".

Kibanda ni kidogo, kiti kimoja, na mchana spika za majirani zinasumbua, kwa hiyo nenda asubuhi. Beba flashi yako, na usiondoke kabla ya kusikiliza pande zote mbili.

Mimi nilisikiliza mpaka mwisho. Upande B wimbo unakatika katikati, baba anakohoa mara mbili, anamwambia mtu afunge mlango, halafu kitufe: ta! Fundi hakugusa hata hapo.