The Elder Scrolls VI: Ninachotaka ni Kukataliwa

Karibuni tena. Leo sina gemu mpya ya kuwaonyesha. Ninayotaka kuichambua hatujaicheza bado, The Elder Scrolls VI, kwa hiyo nitaipima kwa zile tatu za mfululizo huohuo zilizonilea: Morrowind ya 2002, Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011.

Tulichoonyeshwa ni kidogo. Juni 2018, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, Bethesda, studio inayoziunda, ilitoa trela ya kama nusu dakika. Kamera inapita juu ya milima ya mawe, bahari inaonekana, muziki unapanda, jina linatokea, basi. Nimeitazama mara zisizohesabika. Wengi wetu tumejiaminisha kwamba pale ni jimbo la Hammerfell, nami nimo. Ila leo sitaki kubishania ramani. Popote ndani ya Tamriel, bara la gemu hizi, watakaponipeleka, nitakwenda. Nina ombi moja tu: gemu hii inikatalie. Nikijaribu jambo nisiloliweza, nikataliwe kweli.

Chukueni Morrowind. Unashushwa melini Seyda Neen, mfungwa aliyeachiwa. Unatoka kijijini, hujafika mbali, unasikia mtu anapiga yowe kutoka juu. Anaanguka mbele yako na kufa. Ni mchawi, na mwilini ana hati tatu za uchawi wa kumrusha mtu mbali kupita kiasi. Kila mchezaji ninayemjua alisoma moja papo hapo. Unapaa, nchi nzima inapita chini ya miguu yako, na kadiri ardhi inavyokusogelea unaanza kuelewa kwa nini yule bwana alikufa. Hakuna maandishi yaliyojitokeza kukuonya. Onyo lilikuwa ile maiti uliyoipekua.

Baadaye Caius Cosades, mkuu wako katika mji wa Balmora, anakutuma kwa Hasphat Antabolis, naye anataka kisanduku kutoka magofu ya Arkngthand. Anakueleza njia kwa maneno, kama mwenyeji anavyomwelekeza mgeni, kisha unakwenda. Hakuna mshale kwenye skrini wa kukuongoza. Ukifika unakuta mlango haufunguki, mpaka ugundue kwamba kuna mpini nje wa kuuzungusha. Na kisanduku chenyewe ni kidogo, kinapotea machoni. Nilizunguka humo hadi nikajua kila chumba. Nilipokipata nilisimama kwenye kiti nikapiga makofi, peke yangu chumbani. Miaka yote hii bado ningeweza kuwachorea ile njia.

Sasa Skyrim. Naipenda Skyrim, msinielewe vibaya. Ile hali ya kushuka mlimani alfajiri, theluji inapepea, muziki wa Jeremy Soule unaingia polepole, hakuna gemu iliyonipa utulivu ule. Na ule mfumo wa ujuzi kukua kwa kuutumia, unarusha mishale unakuwa mpiga mishale, walikuwa nao tangu zamani lakini hapa waliunyoosha ukawa mwepesi. Ilivuka nakala milioni 60, na ilistahili.

Lakini nendeni chuo cha wachawi cha Winterhold. Pale darajani unatakiwa kurusha uchawi mmoja, na usipokuwa nao, mlinzi mwenyewe anakuuzia. Mimi niliingia na shoka. Nikapigana kwa shoka, nikamaliza misheni kwa shoka, nikatoka nikiwa mkuu wa chuo, mchawi mkuu kuliko wote pale, ilhali uchawi niliowahi kuutumia ni wa kuhesabika. Niliposimama kwenye chumba changu kipya sikuhisi chochote. Cheo nilikuwa nimepewa tu, sikukitolea jasho.

Kwenye Morrowind, chama cha wachawi hakikupandishi cheo mpaka ujuzi wako wa uchawi ufike kiwango fulani, na akili na utashi wa mhusika wako vifike pia. Unarudi, unaambiwa bado, unakwenda kufanya mazoezi. Zile koo tatu, Hlaalu, Redoran na Telvanni, unaingia moja, nyingine mbili zinakufungia. Na hao Telvanni, jamani! Wanaishi ndani ya minara ya uyoga, na ndani hakuna ngazi. Huwezi kupaa kwa uchawi? Basi wakubwa hutawaona, utabaki chini na watumishi. Nilipokunywa dawa yangu ya kwanza ya kupaa nikaingia kwa mzee wa juu, nilijiona nimefika. Hata mhusika muhimu ungeweza kumuua, gemu ikakwambia kwamba uzi wa unabii umekatika, uamue mwenyewe kama unarudi nyuma au unaendelea kuishi katika dunia uliyoiharibu. Skyrim ukimpiga mtu wa namna hiyo anapiga goti, anapumua, anainuka.

Najua wako watakaosema: zima mshale, ucheze unavyotaka. Nimejaribu. Ukizima mshale kwenye Skyrim unapotea, na si kwa sababu wewe ni mbumbumbu. Ni kwamba wahusika hawakuelekezi. Wanakwambia wamekutilia alama kwenye ramani, mazungumzo yameisha. Maneno ya kukuongoza hayakuandikwa. Morrowind ilikuwa maandishi kwa sehemu kubwa, mtu angeweza kukueleza habari za mto na daraja aya nzima. Kuanzia Oblivion kila mhusika anasema kwa sauti, na kila sentensi inahitaji mwigizaji studioni. Naamini hapo ndipo maelezo yalipoanza kukatwa. Sidai turudi kwenye maandishi matupu. Nadai sentensi mbili zaidi kwa kila misheni: kata kushoto kwenye mti uliokauka, ukisikia maporomoko umepita. Asiyetaka kupotea abaki na mshale wake, anayetaka kupotea apewe maneno.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo tu. Starfield ya 2023, gemu yao ya anga za juu, ilitupa sayari zaidi ya 1,000, na mimi ninakumbuka chache sana. Milima mingi si kitu. Nipeni bonde moja lenye watu.

Kwamba studio hii inajua kuandika, sina shaka. Kumbukeni ile misheni ya Dark Brotherhood, chama cha wauaji, kwenye Oblivion, ile nyumba ya mji wa Skingrad. Wageni watano wamefungiwa ndani wakitafuta sanduku la dhahabu ambalo halipo, na wewe ni wa sita, uliyetumwa kuwamaliza mmoja mmoja. Unakaa nao, unaongea nao. Wanakueleza wanamshuku nani. Kuna mmoja alinieleza anavyoniamini, na nikakaa muda mrefu sana nikimtazama kabla sijafanya nililotumwa. Nyumba moja, watu watano! Hakuna joka, hakuna dunia inayokaribia kuangamia. Toleo la Oblivion lililorekebishwa mwaka 2025 lilipotoka nilikimbilia nyumba ile kwanza, na moyo ulinidunda vilevile ingawa nilijua kila mtu atasema nini.

Kwa hiyo Bethesda, na Todd Howard, kiongozi wa gemu hizi, kama unasikiliza lugha hii: sihitaji kuwa mkuu wa kila chama. Siku nitakapofika na shoka langu mbele ya geti la wachawi, mlinzi anitazame mikono, aone haina alama hata moja ya moto, aniambie nirudi nilikotoka. Nami nitageuka, nishuke lile daraja kwenye baridi, nikatafute mtu wa kunifundisha.