Kwenda Gyeongju kwa treni ya KTX: safari nzuri, stesheni iko mbali

Kutoka Seoul hadi Gyeongju, mji wa kale wa Korea Kusini, KTX (treni ya mwendo kasi) inatumia saa mbili na dakika chache. Tiketi ya daraja la kawaida ni karibu won 50,000. Viti ni safi na sehemu ya mizigo mikubwa iko mwisho wa behewa, lakini hujaa upesi. Aliyelala Gangnam, kusini mwa Seoul, atumie SRT, treni nyingine ya mwendo kasi, kutoka stesheni ya Suseo iliyo upande huo. Atajiepushia kuvuka jiji.

Kabla ya kulipa, hakikisha treni inasimama Gyeongju, maana baadhi ya zile ziendazo mji wa Busan hupita moja kwa moja. Mauzo hufunguliwa mwezi mmoja kabla. Ijumaa jioni na Jumapili mchana nafasi huisha mapema, na sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno) ndiyo balaa kabisa.

Kinachokera ni stesheni yenyewe. Ile ya katikati ya mji ilifungwa Desemba 2021. Inayotumika sasa iliitwa Singyeongju hadi 2023, na maelezo mengi ya zamani bado yanachanganya hizo mbili. Iko nje ya mji, kwa hiyo ongeza nusu saa ya basi kufika makaburi ya wafalme ya Daereungwon. Basi namba 700 linakwenda hadi hekalu la Bulguksa. Gusisha kadi ya T-money (kadi ya kulipia nauli) unapopanda na pia unaposhuka, la sivyo utapoteza punguzo la kuunganisha basi.

Wakati wa kurudi, ondoka mjini saa nzima kabla ya treni. Foleni za magari wikendi ni ndefu, na KTX haisubiri mtu.