XMPP au Matrix kwa programu ya wauza dagaa?

Ukitaka kuwaunganisha wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na wavuvi wa kisiwa cha Ukerewe kwa itifaki (kanuni za programu kuwasiliana) ya ujumbe iliyo huru, uchukue ipi kati ya XMPP na Matrix?

Kwa wepesi wa kuanza, Matrix inashinda waziwazi. Ilizinduliwa mwaka 2014 ikiwa na kiolesura cha HTTP na JSON, yaani njia ya mawasiliano na muundo wa data vilivyozoeleka kwenye tovuti. Kutuma ujumbe ni ombi moja la HTTP la aina ya PUT lenye tokeni (ufunguo wa kuingilia), chumba cha mazungumzo na maneno yenyewe: {"msgtype":"m.text","body":"Dagaa wamefika"}. Kijana anayejua kutengeneza tovuti ataona jibu siku hiyohiyo. XMPP, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, hudai muunganisho unaobaki wazi na vipande vya XML, muundo wa data wenye lebo. Bila maktaba nzuri ya msimbo utachoka mapema. Wengi huikimbia hapo, na inaniuma, maana ni itifaki imara.

Kwenye gharama mambo yanageuka. Prosody, seva ya XMPP, hutosheka na mashine ndogo ya kukodi. Synapse, seva ya Matrix, hula kumbukumbu na diski, hasa ukijiunga na vyumba vikubwa vya seva nyingine.

Mtandao ukikatika ziwani, Matrix huendelea kutoka alama ya mwisho iliyopokea. XMPP huweza pia, mradi seva na programu ya simu zote ziwe na nyongeza ya XEP-0198, inayoendeleza muunganisho uliokatika.

Wanafunzi wenye muda mfupi waanze na Matrix. Mwenye bajeti ndogo na fundi wa seva achukue XMPP, kisha awawekee wenzake moduli ya mod_rest ya Prosody, watume ujumbe kwa HTTP.