Taa kwa barabara za giza: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Zamu yangu huisha saa nne usiku, na kilomita 30 za mwisho kabla sijafika nyumbani ni barabara ya vumbi isiyo na nguzo hata moja ya taa. Kona zimejificha nyuma ya vichaka na ukingo wa barabara hauna alama yoyote. Gari langu lina miaka 16 na linatumia balbu za H4 za halojeni, zile ambazo balbu moja ina nyuzi mbili, wati 55 za dimu (mwanga wa chini, wa kupishana na magari) na wati 60 za fulu (mwanga mkubwa wa mbali). Nilizoea kuendesha nimeinamia usukani, macho nimeyakodoa. Usiku mmoja nikamkuta mtu anasukuma baiskeli, amevaa nguo nyeusi, hana tochi wala kiakisi. Nilikanyaga breki, gari likaserereka kwenye kokoto, likasimama hatua chache tu kutoka alipokuwa. Hakuumia, lakini usiku ule sikulala. Asubuhi yake nikaanza kutafuta taa.

Naeleza kwa mpangilio nilioufuata, pamoja na pale nilipokosea.

Nilianza na balbu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni. H4 ya kawaida hutoa takriban lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu) 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Sanduku la hizi mpya liliahidi mara kadhaa ya hapo. Nilipoziwasha mbele ya ukuta nilifurahi sana, ukuta ulikuwa mweupe pe. Barabarani furaha ikaisha. Mita 15 za mwanzo mbele ya boneti ziling'aa kupita kiasi, na kule mbali, ninakokuhitaji, kukawa na giza kuliko mwanzo. Sababu ni kwamba kiakisi kilicho ndani ya taa kimechongwa kwa kufuata mahali hasa uzi wa halojeni unapokaa. Chipu ya LED ikiwa na umbo jingine, au ikikaa pembeni kidogo tu, miale inatawanyika ovyo. Tena macho yakishazoea ule mng'ao wa karibu, mboni inabana, na hata ule mwanga kidogo unaofika mbali huuoni.

Kilichoniumiza zaidi ni wenzangu barabarani. Kila gari nililopishana nalo lilinipigia fulu, na mimi niko dimu. Nilikuwa nawatia watu kiwi machoni kila usiku. Nchi nyingi haziruhusu balbu za aina hii kwenye taa iliyoidhinishwa kwa halojeni, isipokuwa chache zilizopimwa na kupewa kibali kwa magari maalumu, na mimi naunga mkono kabisa. Nilizing'oa baada ya wiki tatu.

Fundi umeme niliyempelekea gari baadaye ndiye aliyenifungua macho. Nilimwambia nataka taa kubwa za kufunga kwenye bampa. Akasema, "Dada, usinunue kitu kingine mpaka tupime." Akachukua mita yake, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa. Kwenye betri ilisoma volti 14.1. Akachomeka ncha za mita nyuma ya balbu yenyewe: volti 12.3. Nilimwomba apime tena. Ikatoka ileile.

Volti 1.8 zinaonekana ndogo, lakini halojeni haipunguzi mwanga sawasawa na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 5 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 16. Kwa kipimo changu, zaidi ya theluthi ya mwanga ilikuwa inapotea njiani, kwenye waya nyembamba zilizochoka na kwenye swichi ya usukani ambayo umeme wote wa taa ulikuwa unapitia. Miaka yote hiyo nilikuwa nalaumu balbu.

Dawa yake ni relei mbili karibu na betri, moja ya dimu na moja ya fulu, kila moja na fyuzi yake. Relei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, na miguu yake ya kuunganishia waya ina namba. Waya nene inatoka betri kwenda mguu wa 30 wa relei, nyingine inatoka mguu wa 87 kwenda kwenye balbu. Waya za zamani hazibebi tena mzigo wa taa, zinabaki na kazi ya kuiamsha relei kupitia miguu ya 85 na 86. Waya wa hasi nao ulibadilishwa, ukafungwa kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Kipimo kilipanda hadi volti 13.8. Kasoro yake ni kwamba balbu ikipata volti zaidi inaungua mapema. Mimi nimebadilisha moja ndani ya mwaka na naweka akiba garini. Kama gari lako limezeeka na lina halojeni, kazi hii ndiyo ningekushauri uanze nayo kabla ya nyingine yoyote, ila pima kwanza, kwa sababu magari mengine yametoka kiwandani na relei tayari.

Siku hiyohiyo jioni nilishughulikia vioo vya taa mwenyewe. Vilikuwa vimefanya ukungu wa manjano, kama vioo vingi vya plastiki vilivyopigwa na jua kwa miaka. Nilizungushia utepe wa karatasi kulinda rangi ya gari, nikasugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000. Maji ya kwanza yaliteremka kwenye bampa yakiwa ya manjano mazito kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Yalipoanza kutoka meupe ndipo nikajua ngozi iliyokufa imeisha. Baada ya msasa wa mwisho na dawa ya kung'arisha, kioo kilikuwa safi kiasi cha kuona uzi wa balbu ndani. Usiishie hapo. Lazima upake vanishi inayozuia miale ya jua, la sivyo ukungu unarudi baada ya miezi michache.

Kisha kulenga. Sakafu iwe tambarare, matairi yawe na upepo unaotakiwa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, gari liwe mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, na mstari wa juu wa mwanga wa dimu ukae takriban sentimita 10 chini ya alama hiyo. Taa yangu ya kushoto ilikuwa sentimita 25 chini. Kwa taa iliyo kimo cha sentimita 70, maana yake mwanga ulikuwa unagonga ardhi mita 28 mbele, badala ya mita 70. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Yaani upande ule nilikuwa naona sekunde moja na robo mbele yangu. Skrubu mbili, bisibisi moja, dakika 20.

Baada ya haya yote ndipo nikanunua taa za ziada: mbili za duara, LED za wati 40 kila moja, moja ya mwali mrefu mwembamba na nyingine ya mwali mpana. Ukiwa dukani usidanganyike na lumeni. Tafuta grafu inayoonyesha mwanga wa luksi 1 (luksi hupima mwanga unaoangukia mahali) unafika umbali gani. Watengenezaji wengine huhesabu kwa luksi 0.25, ambayo ni kama mwanga wa mbalamwezi, na hesabu hiyo pekee inaongeza umbali mara mbili bila taa kuwa bora. Zangu zimefungwa kwenye bampa, si juu ya paa. Taa ya paani inamulika boneti na vumbi lililo mbele ya macho yako. Zinachukua kama ampea 6, zina fyuzi ya 10, na relei yake inaamshwa na waya wa fulu, hivyo nikipiga dimu nazo zinazimika papo hapo. Nisingekubali zifungwe kwa namna nyingine.

Nilipima kila hatua kwa koti jeusi. Nililitundika kwenye mti wa fagio kando ya barabara tupu, nikarudi nyuma na gari, fulu zikiwaka, mpaka nikalipoteza. Kabla ya yote lilipotea mita 60. Baada ya relei, msasa na kulenga, mita 105. Kwa taa mpya, mita 240. Sasa macho ya ng'ombe nayaona yanamemeta kabla sijajua ni ng'ombe, napunguza mwendo bila kupaparika.

Taa hizi za ziada nazipa nyota nne kati ya tano. Kwenye vumbi zito hazisaidii kitu, mwanga wote unanirudia kama ukuta, narudi dimu na kwenda polepole. Vibao vya barabarani vinavyoakisi hunitia kiwi kwa sekunde. Na ninapopishana na gari, kushuka kutoka mwanga ule mkubwa hadi dimu kunaacha giza zito ambalo macho hayalizoei upesi, kwa hiyo napunguza mwendo kabla ya kupiga dimu, si baada. Nyota iliyobaki nimeikata kwa sababu ya breketi. Barabara yenye matuta madogo ya mawimbi ililegeza boliti za taa ya kulia mwezi wa pili tu, mwali ukaanza kucheza juu na chini. Nimeweka nati zenye plastiki ndani na washa za kubana, na kila Jumamosi nikiosha gari nazishika kwa mkono kuzitikisa.