Kipimo cha faiba cha 95,000: kimeniokoa kuvuta kebo mpya

Huu ni mwezi wa tatu nikitumia kipimo hiki kidogo cha mkononi. Kinafanya kazi mbili: kinapima nguvu ya mwanga ndani ya faiba, na kinatoa taa nyekundu ya kutafutia kasoro. Nilikiagiza Kariakoo, kikaja kwa basi, nikakichukua stendi ya Nyegezi hapa Mwanza. Jumla 95,000 pamoja na nauli ya mzigo.

Kazini kwetu Igogo ofisi iko juu kwenye mawe, ghala liko chini kuelekea ziwani. Ni kama mita 180, na waya wa kawaida wa mtandao mwisho wake mita 100. Hata ungefika nisingeuvuta. Radi za ukanda wa ziwa tunazijua, na waya wa shaba kati ya majengo mawili huunguza swichi za mtandao za pande zote. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Kwa wiki tatu ghala lilikuwa linapotea kwenye mtandao na kurudi. Stakabadhi hazitoki, madereva wanasubiri juani. Fundi alikuja mara mbili, na mara zote alipofungua kabati alikuta taa za swichi zinawaka vizuri. Akasema kebo ya nje imechoka, ivutwe mpya yote. Bei aliyotaja iliniumiza, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakupima chochote.

Kipimo kilipofika nilikiweka kwenye 1310, yaani urefu wa wimbi, kwa nanomita, wa mwanga wa moduli zetu (vile vipande vya kwenye swichi vinavyotuma na kupokea mwanga). Kikiwashwa kinaanzia 850, usipobadilisha utasoma namba za uongo. Ofisini, moja kwa moja kutoka kwenye moduli, nilipata -6 dBm (hiyo ndiyo namba ya nguvu ya mwanga; kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni dhaifu zaidi). Ghalani -11. Moduli zetu zinapokea mpaka karibu -19, kwa hiyo mtandao ulipaswa kuwepo. Lakini desibeli 5 kupotea ndani ya mita 180 ni nyingi mno, maana kioo chenyewe hupoteza kama 0.35 kwa kilomita nzima. Nikasafisha ncha zote kwa spiriti safi na karatasi isiyoacha nyuzi, ikapanda hadi -7.5. Nikafunga kabati, nikarudi ofisini nimefurahi.

Saa kumi jioni ghala likapotea tena.

Nilipoteremka, mama anayetunza ghala akaniambia, "Kaka, mbona mkifungua tu hilo kabati mtandao unarudi?" Nilisimama pale kwa muda. Kabati lina mlango wa kioo. Nikachomeka kipimo, nikakiweka juu ya swichi, nikafunga mlango na kusoma kwa nje: -24. Nikafungua: -7.5. Nikapanda ofisini kuchomeka taa nyekundu, nikarudi na kuusukuma mlango taratibu. Ule waya mfupi wa njano wa faiba unaoingia kwenye swichi ukaanza kung'aa wekundu pale pale ukingo wa mlango ulipoukunja. Mwanga ulikuwa unavuja kwenye kona. Waya mpya, ukazungushwa kwa duara pana mbali na mlango, na hadi leo ghala halijapotea hata mara moja.

Nashukuru sana kwamba yule mama alisema. Kipimo kilithibitisha, ila aliyeona ni yeye.

Kasoro zinazonikera: tundu lake linaingia ncha kubwa ya SC tu, wakati moduli nyingi siku hizi ni LC ndogo, na adapta haimo kwenye boksi. Nililazimika kutumia waya wenye SC upande mmoja na LC upande wa pili. Pia taa nyekundu haionekani kupitia ganda nene jeusi la kebo ya nje, na haikuambii kasoro iko mita ya ngapi. Kama kebo yako imezikwa na imekatika katikati, tafuta fundi mwenye OTDR, kifaa kinachoonyesha kasoro iko umbali gani. Na usichungulie kamwe ncha ya faiba iliyo hai kwa jicho. Mwanga wa 1310 hauonekani lakini unaweza kudhuru.

Kwa majengo mawili yaliyo karibu kama yetu, nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano wangeipata kwa kuweka adapta ya LC ndani ya boksi.