Mashine ya kudarizi niliyonunua Kariakoo: spea safi, fundi mtihani

Niseme mapema, mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya Kichina, kichwa kimoja sindano 12, niliichukua Kariakoo mwezi wa nane 2024 kwa milioni 10 na laki 2, ikaja Moro (Morogoro) kwa kenta na usafiri nikalipa mwenyewe. Jina la duka silitaji maana spea bado nachukua kwao, ila kama na wewe uko nje ya Dar na unataka kununua mashine kama hii soma kwanza kabla hujatoa hela.

Kazi yangu kubwa ni nembo za masweta ya shule, mnaojua hii biashara mnajua Desemba mpaka katikati ya Januari ndo mavuno. Sasa Desemba hiyo nina oda ya masweta 160, nembo ina stichi kama 8,000, mimi natembeza spidi ya stichi 650 kwa dakika, ukijumlisha kubadilisha rangi na kukata uzi ni robo saa kwa sweta moja, piga hesabu ni masaa 40 mashine haitakiwi kupumzika. Nimemaliza 37, la 38 liko katikati nikasikia KAA! Sindano imekatika. Nikaweka nyingine, ikaanza kuruka mishono na kukata uzi kila baada ya stichi ishirini thelathini.

Nikapiga simu dukani. Ikapokelewa haraka, hapo nawapa haki yao, kijana ana maneno matamu, "dada yangu usijali kabisa, hiyo ndogo, badilisha uzi". Nikabadilisha. "Weka sindano mpya, saizi 75/11." Nikaweka. "Legeza tensheni, ule mkazo wa uzi." Nikalegeza mpaka uzi wa juu ukawa unaning'inia kama tambi. Siku nne hizo ni voisi noti juu ya voisi noti, video nikimtumia naona tiki mbili za bluu halafu kimya, na hakuna hata mara moja mtu aliniuliza hili tatizo lilianzaje.

Siku ya tano wakasema wanatuma fundi. Waranti ninayo ya mwaka mzima, kumbe waranti yao ni ya "vifaa", fundi nauli na posho ni juu ya mteja. Kwenye risiti hilo halipo, imeandikwa "waranti mwaka 1" na muhuri basi. Kuna mtu akaniambia nenda FCC, Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya walaji, ni kweli wanapokea, lakini mimi muda huo nina masweta 123 sakafuni na mwalimu mkuu ananipigia asubuhi na jioni, tume naifuata saa ngapi?

Fundi akaja na SGR, nauli 13,000 kuja 13,000 kurudi, posho 80,000, chai na msosi pia mimi. Kijana mpole, skrini anaijua hasa, akaingia kwenye menyu yenye paswedi akabadilisha anavyojua mwenyewe, akajaribu kwenye kitambaa cha pamba chembamba ikashona safi, akapiga picha akamtumia bosi wake, akawahi treni. Nikaweka sweta. Ikaruka palepale! Nampigia keshafika Pugu, ananiambia "dada hilo sweta lako zito". Zito? Si ndo masweta hayohayo nimeshona 37?

Sasa hapa niwe mkweli maana riviu za kulialia upande mmoja sizipendi hata mimi. Ile KAA haikuja yenyewe. Nilisogeza nembo pembeni kidogo kwenye skrini, nikawa na haraka sikuizungusha fremu, ile inayoshika sweta, kuona kama mchoro unaenea, sindano ikagonga ukingo wa fremu. Nilijua kabisa. Sikuwaambia, niliogopa watasema umeharibu mwenyewe waranti imekufa. Kwahiyo wao hawakuuliza na mimi sikusema, tukazungushana wiki na siku zake.

Aliyenitoa ni mzee mmoja hapahapa Moro, zamani alikuwa fundi mitambo kwenye viwanda vya nguo, sasa hivi ana kibanda anatengeneza vyerehani vya kawaida na ovaloki. Jirani ndo alimleta. Nikamwamkia shikamoo, marahaba, mashine wala hakuiwasha. Akaomba fremu. Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo mpaka kwenye kovu dogo jeupe, akakiacha pale, akaniangalia. "Mwanangu, hapa uligonga lini?" Nikacheka kicheko cha aibu.

Akafungua bamba la chini ya sindano akawa anazungusha kwa mkono huku ananionyesha. Sindano ikishuka mpaka mwisho ikianza kupanda uzi unajikunja kidogo nyuma yake, hapo ndo ncha ya hooki, kile chuma kinachozunguka chini, inatakiwa ipite kuudaka, na kati yake na sindano iwe nafasi ya unene wa karatasi tu. Yangu inachelewa, sindano imeshapanda ndo ncha inapita. Halafu ncha ina mkwaruzo, akaupitishia kipande cha soksi ya nailoni kikanasa. Pamba nyembamba ilikuwa inabahatisha tu, kwenye sweta inakosa.

Nikapiga dukani, safari hii nikasema ukweli wote, wakasema ya kugonga haimo kwenye waranti. Sawa, hiyo nimeikubali. Lakini hapa nawasifia: nimelipa 45,000 saa tisa mchana, kesho yake asubuhi hooki mpya iko stendi ya Msamvu kwenye basi, na ni yenyewe, siyo ile ya "inafanana". Mzee akaifunga, skrubu tatu, akaisogeza mpaka ncha inakutana na sindano kwenye digrii 200 hivi za mzunguko wa shafti kuu ya mashine, akaniambia shona. Akageuza sweta nyuma, uzi mweupe wa bobini, ule wa chini, umekaa katikati kama theluthi moja ya upana wa mshono, pembeni rangi. Akaridhika. Kachukua 40,000 pamoja na kunikemea kwamba hooki imekauka, tone moja la oili kila siku kabla ya kazi, tone, siyo kuimwagia kama chipsi.

Masweta niliyapeleka siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, nikilala masaa matatu matatu.

Kwa hiyo duka: spea nyota nne, simu nyota mbili kwa sababu wanapokea, fundi wa kutumwa moja, na hiyo moja ni ya upole wake. Ukienda kununua waambie waandike kwenye risiti fundi akisafiri nani analipa, wakigoma kuandika ushapata jibu. Na ukigonga fremu sema umegonga.

Namba ya mzee msije kuniomba inboksi. Wa Moro njooni ofisini niwapeleke, yeye mpaka aione mashine, kwenye simu hatengenezi.