Albamu za laivu za roki ya progresivu: ipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Ukitaka albamu moja tu ya laivu, yaani iliyorekodiwa jukwaani, ya roki ya progresivu, nunua Seconds Out ya bendi ya Genesis. Natanguliza jibu kwa sababu anayeanza muziki huu kwa kawaida huelekezwa kwenye jina kubwa kuliko yote, akatoa pesa yake, akasikiliza mara moja na kuiacha.

Huu ni muziki wa tungo ndefu. Kipande kimoja hufika dakika 20, mwendo ukibadilika njiani, gitaa na kinanda vikipokezana. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hatapotea hapa. Anajua kwamba wimbo wa redioni ukifika ukumbini hurefushwa, na hapo ndipo mpigaji wa kweli anapojulikana. Studio za miaka ya 1970 ziliweza kumrekodi mpiga kinanda mmoja safu juu ya safu. Jukwaani ana mikono miwili tu. Ndiyo maana mimi napanga albamu hizi kwa kuuliza kama ndani yake upo utunzi mrefu uliopigwa mzima bila kukatwa, na kama unasikika vizuri kwenye vyombo tulivyonavyo: sabufa ya flashi, redio ya gari, spika za masikioni za simu.

Seconds Out ya mwaka 1977 inafaulu kote. Karibu yote ilirekodiwa Paris, Juni mwaka huohuo. Mwimbaji wao Peter Gabriel alikuwa ameondoka tangu 1975, na mpiga drams Phil Collins ndiye aliyeshika maikrofoni. Sasa akiimba, nani apige? Wakamleta Chester Thompson, Mmarekani aliyewahi kupiga na Frank Zappa na Weather Report. Sehemu zisizo na maneno Collins anarudi kwenye drams zake na wawili hao wanapiga pamoja, na hapo albamu hii inapata nguvu ambayo rekodi za studio za Genesis hazina. Utunzi wao mrefu Supper's Ready, dakika 24 hivi, ulichukua upande mzima wa santuri. Sauti ni safi kiasi kwamba hata sabufa ya besi nyingi haiwezi kumeza gitaa la Steve Hackett, ambaye aliiacha bendi albamu ikiwa bado inachanganywa. Wapo wasiokubali Genesis bila Gabriel, na ninawaelewa: wanunue Genesis Live ya 1973. Ila wajue ni santuri moja tu, na Supper's Ready haimo.

Namba mbili naiweka Yessongs ya bendi ya Yes, iliyotoka 1973 kutoka maonyesho ya 1972. Kwa upigaji ingekuwa ya kwanza. Ilitoka kama santuri tatu, dakika 130 hivi, na utunzi wao mrefu Close to the Edge umo mzima. Steve Howe wa gitaa na Rick Wakeman wa kinanda wanapiga kwa kasi inayoshinda ya studio, na besi ya Chris Squire inanguruma mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni hiyo besi yenyewe. Rekodi ina ukungu, na kwenye sabufa iliyofunguliwa sana utasikia mngurumo uliofunika sauti ya mwimbaji Jon Anderson. Punguza besi, au tumia spika za masikioni, utaona albamu inafunguka. Wakati huo mpiga drams Bill Bruford alikuwa ameshahamia bendi ya King Crimson na drams zimeshikwa na Alan White, aliyejifunza tungo zote kwa siku chache tu kabla ya ziara. Bruford bado yumo kwenye vipande vichache vya mapema. Halafu utamkuta tena kwenye Seconds Out, katika The Cinema Show iliyorekodiwa 1976. Ukipenda drams, mfuate mtu huyu popote alipopita.

Atakupeleka kwenye albamu iitwayo USA ya King Crimson, ambayo ni namba tatu kwangu. Ilirekodiwa Marekani Juni 1974, sehemu kubwa Asbury Park, na kutoka 1975 bendi ikiwa imeshavunjika. Ni kali, ya giza, na kipande kizima ndani yake kilitungwa palepale jukwaani. Fidla na kinanda viliongezwa studio baadaye na mwanamuziki Eddie Jobson kwenye baadhi ya sehemu, jambo linalowakera wengine, mimi halinisumbui. Muhimu ni toleo: lile la 1975 halina wimbo wa Starless, toleo la CD la 2002 linao. Angalia orodha ya nyimbo kabla ya kulipa. Albamu yao nyingine, Earthbound ya 1972, usianze nayo. Ilirekodiwa kwa kanda ya kaseti, na inasikika hivyo.

Pulse ya Pink Floyd, 1995, ni ya mtu anayetaka sauti nzuri kuliko yote na haraka hana. Albamu yao ya The Dark Side of the Moon imepigwa nzima, na ukiwa na wageni nyumbani hakuna atakayeomba ubadilishe. Naiweka ya nne kwa sababu bendi haijihatarishi: karibu kila noti iko pale ilipokuwa studio. Matoleo ya kwanza ya CD yalikuwa na taa nyekundu inayowakawaka kwenye mgongo wa boksi. Ukiuziwa kwa bei ya juu kwa ajili ya taa, hakikisha inawaka.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna Pictures at an Exhibition ya Emerson, Lake & Palmer, iliyorekodiwa Newcastle Machi 1971. Ni fupi, haifiki dakika 40, na msingi wake ni kazi ya Mussorgsky, mtunzi Mrusi wa muziki wa klasiki, iliyopigwa kwa nguvu za roki.

Kuhusu pa kununua: Makoroboi na mitaa ya jirani utapata sabufa na flashi za kila aina, lakini albamu hizi utaziagiza au utazinunua mtandaoni. Mafaili ndiyo njia rahisi. Yessongs kwa MP3 ya kiwango cha juu ni kama megabaiti 310; kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, tegemea mara mbili au tatu ya hapo, kwa hiyo pima bando lako. Kabla ya kununua FLAC, hakikisha sabufa yako inaisoma. Tena kwenye laivu shangwe za watu huunganisha wimbo na wimbo, na vyombo vingi vya flashi hunyamaza kidogo kati ya faili na faili. Ukimya huo unaharibu onyesho. Unganisha nyimbo ziwe faili moja kwa programu ya bure ya Audacity, na mafaili yaanze na 01, 02, yasije yakavurugika.

CD usiidharau. Deki ya zamani ya DVD inaipiga vizuri, na CD iliyotumika huwa nyepesi kuagiza kuliko santuri tatu. Mzigo wa kutoka nje unaweza kukutana na VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru, basi uliza gharama yote kabla, si bei ya albamu peke yake.

Santuri ninampendekezea mtu mwenye chombo tayari, hasa kwa Yessongs, ambayo jalada lake lililochorwa na Roger Dean linafunguka na kuwa picha kubwa. Ukiagiza chombo cha kupigia, soma kibao cha nyuma: cha Marekani ni volti 120, cha Japani 100, na sisi tuna 230. Transfoma itarekebisha volti, lakini umeme wa Marekani ni hezi 60 na wetu 50, na baadhi ya mota hufuata hezi, hivyo santuri itazunguka polepole na sauti ya wimbo kuwa nzito kuliko ilivyo. Santuri zenyewe zisimamishe wima, mbali na dirisha la jua la mchana. Zikilala zimebebana kwenye joto, zitapinda.